Gauni la Klinger na Michubuko ya George

Kambi ya jeshi ni mahali pazuri pa kutungia kichekesho. Watu wasiochaguana wanalazwa bweni moja. Mwenye cheo kidogo ana akili kuliko mwenye cheo kikubwa, na wote wanalijua hilo isipokuwa mwenye cheo. Amri ya kipuuzi inapokewa kwa saluti na kutekelezwa mpaka mwisho. Aliyepita JKT anaweza kutumaliza jioni nzima kwa habari za afande fulani, nasi tukashika mbavu. Hatuoni ubaya wowote hapo. Kumcheka anayeweza kukuamuru uende ukafe ni njia mojawapo ya kukumbuka kwamba bado u mtu.

Lakini kila kambi ya vichekesho ina mtu wake wa kutupiwa. Mara nyingi ni yule anayeonekana si mwanamume wa kutosha: anayelia, anayeogopa bunduki, anayetembea kwa madaha, anayevaa gauni. Insha hii inamhusu huyo, kama alivyoonyeshwa na tamthilia ya Kimarekani iitwayo M*A*S*H, ambayo vijana wetu wanaipata leo kwenye simu zao ingawa ilikwisha kabla hawajazaliwa. Tunataka kujua tunamcheka nani hapo, na yeye yuko wapi wakati tunacheka.

Jina la tamthilia ni kifupisho cha hospitali za upasuaji za jeshi la Marekani zilizokuwa zikihamahama karibu na uwanja wa vita. Vita vyenyewe ni vile vya Korea, vya mwaka 1950 hadi 1953. Tamthilia ilianza Septemba 1972 katika kituo cha CBS na kumalizika tarehe 28 Februari 1983. Yaani vita vilichukua miaka mitatu na kuvisimulia kukachukua kumi na moja. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Ilipoanza, Marekani ilikuwa bado inapigana Vietnam, na watazamaji walielewa Korea hiyo ni ya wapi. Humo kuna madaktari wawili walioletwa vitani bila kupenda, Hawkeye Pierce na Trapper John. Kuna Meja Frank Burns, mpenda kanuni, mwenye mke nyumbani na hawara kambini. Na kuna Padri Mulcahy, mpole, wa kuchekesha kidogo, kama wachungaji karibu wote wa kwenye televisheni. Angalau huyu hakufanywa mnafiki. Tunashukuru kwa kidogo.

Kabla ya tamthilia ilikuwapo filamu ya jina hilohilo, ya mwaka 1970, iliyoongozwa na Robert Altman. Ndani yake daktari wa meno wa kambi, anayeitwa kwa utani Painless, anashindwa na mwanamke siku moja, anajiaminisha kwamba kumbe yeye ni wa kupenda wanaume, na anaamua kufa. Wenzake hawamzuii. Wanamwandalia karamu ya kumuaga, wamepangwa kwenye meza ndefu kama katika mchoro wa Leonardo da Vinci wa Karamu ya Mwisho. Kisha anajilaza ndani ya jeneza na kumeza kidonge ambacho wao wanajua si sumu. Muuguzi mmoja anaombwa akalale naye, na mgonjwa anapona.

Wakristo wengi wameudhika kwa sababu ya meza ile. Sisi tunaudhika zaidi kwa sababu ya jeneza. Mzaha wote unasimama juu ya jambo ambalo hakuna anayelihoji: kwamba mwanamume akijigundua kuwa wa namna hiyo, kutaka kufa ni jambo la kueleweka, na kazi ya rafiki ni kumthibitishia kwamba amekosea kujihesabu. Je, kama hakukosea? Filamu haina jibu kwa sababu haikufikiri kwamba anaweza kuwapo mtu huyo, hata miongoni mwa wanaotazama. Mchungaji aliyewahi kumzika kijana aliyejitoa uhai hawezi kuipita sehemu hiyo haraka.

Sasa tumwangalie Klinger. Koplo Maxwell Klinger, aliyeigizwa na Jamie Farr, anatoka Toledo, Ohio. Hataki vita. Amesikia kwamba kipo kifungu cha kanuni za jeshi kinachoruhusu askari mwenye ugonjwa wa akili aachishwe, basi anavaa gauni, kofia ya maua, viatu vya visigino virefu, na anasimama lindo hivyo, bunduki begani. Ndugu mmoja atatukumbusha Kumbukumbu la Torati 22:5. Tunaikumbuka. Lakini tukumbuke pia kwamba katika vichekesho vyetu wenyewe mwanamume aliyejifunga kitenge na kubana sauti ni mgeni wa kila wiki, na hatujawahi kusikia kamati ya malezi ikikutana kwa ajili yake.

Kuna habari juu ya Klinger ambayo kila mtazamaji anapaswa kuijua. Aliletwa kwa kipindi kimoja tu, na mara ya kwanza Farr aliambiwa amwigize kwa kulegeza mikono na kubembea kiuno, yaani mashoga kama watu wanavyowafikiria. Watayarishaji walipotazama picha hizo waliona hazifai, wakarudia. Safari hii Farr aliigiza kama mwanamume yeyote wa mitaani kwao, sauti nzito, ndevu zimeanza kuota, ila amevaa gauni. Kichekesho kikapatikana, na mtu wa kipindi kimoja akabaki mpaka mwisho.

Kwa nini namna ya kwanza ilikufa na ya pili ikaishi miaka kumi na moja? Katika ile ya kwanza tunamcheka mtu kwa jinsi alivyo. Katika ya pili tunalicheka jeshi, ambalo linamwona mwanamume mwenye akili timamu akitaka kuondoka mahali pa kuuana na kumwita mwendawazimu kwa sababu ya nguo. Gauni la Klinger ni hoja. Wakubwa wake wanaijua hila yake, kwa hiyo hawamwachii. Hata Farr mwenyewe alikuwa amewahi kuvaa sare ya jeshi la Marekani na kufika Korea baada ya vita. Vile vibati vya utambulisho tunavyoviona shingoni mwa Klinger ni vyake.

Klinger basi ni mwanamume anayewapenda wanawake, anayejifanya mwingine ili afukuzwe, na hafukuzwi. Februari 1974 tamthilia ikamleta mtu ambaye ni kinyume chake kabisa. Hakuvaa gauni lolote isipokuwa lile la wagonjwa.

Kipindi hicho kinaitwa kwa jina lake, George. Ni askari wa kawaida, amejeruhiwa vitani, amelazwa wodini. Hawkeye anaona juu ya mwili wake michubuko ambayo haikutoka kwa adui. George anaomba jambo moja tu, arudishwe kikosini kwake. Daktari anataka kujua ile michubuko imetoka wapi, na hapo George anasema kwa kuzunguka: kikosini walipigwa watu wawili, mmoja Mweusi na mwingine anayependa wanaume. George ni Mzungu, kila mtu anamwona. Hawkeye anamtazama na kumuuliza kama basi yeye ndiye yule Mweusi.

Tumekitazama kipande hicho mara nyingi kuliko inavyompasa mwalimu wa theolojia, na bado tunakiona kuwa mzaha mwema kuliko yote ya tamthilia hiyo. Mtu ametoka kutamka neno linaloweza kummaliza. Amelitamka kwa mficho, akiacha mlango wazi wa kukimbilia. Daktari amelisikia, ameelewa, na mzaha wake unamjulisha mgonjwa kwamba ameeleweka na kwamba hakuna kitakachompata kitandani hapo. Angeweza kumhutubia juu ya haki za binadamu. Angeweza kunyamaza kwa uzito wa kutisha. Badala yake anamfungulia njia ya kutabasamu, na George anapumua. Sisi tunaoketi na watu wakati wa ungamo tunajua jinsi sekunde ile ilivyo ngumu, yaani sekunde inayofuata baada ya mtu kusema lile alilokuja kusema. Wengi wetu tunaiharibu kwa uso tu.

Kuna jambo la kiufundi linalofaa kutajwa hapa. CBS ilidai sauti za watu wanaocheka zibandikwe juu ya tamthilia, kama ilivyokuwa desturi. Watengenezaji walikubali kwa shingo upande, ila wakashinda hoja moja: ndani ya chumba cha upasuaji kicheko hicho kisisikike. Madaktari wanataniana humo mikono ikiwa ndani ya matumbo ya watu, lakini mtazamaji haambiwi lini acheke. Mwenye kutaka acheke mwenyewe, akiwa anaona damu. Laiti na utani wetu wa kwenye vikundi vya simu ungekuwa na chumba kama hicho.

Frank Burns anagundua habari za George. Mara moja anaandika ripoti ili afukuzwe bila heshima. Wakati ule haikuwa kazi ngumu: karatasi ile ingemfuata George maisha yake yote, angeinyosha kwa kila aliyemwomba kazi, na angepoteza yale ambayo serikali iliwapa askari wengine waliorudi. Klinger amevaa gauni miaka nenda rudi na hapati barua. George anatosha barua moja.

Hawkeye na Trapper wanamtega Frank. Trapper anajifanya kukiri kwamba alifanya udanganyifu katika mitihani, na Frank, kwa kudhani yuko kati ya wenzake, anafunguka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kununua majibu alipokuwa akisomea udaktari. Amekwisha. Wakiipeleka habari hiyo, udaktari wake utakuwa mashakani. Ripoti inachanwa, George anarudi kikosini.

Msomaji wa Biblia anaona mara moja Yohana 8, mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu na wazee wenye mawe. Kwa mtunzi wa televisheni huu ni ustadi, awe alikusudia au la: mshitaki ananyamazishwa na deni lake mwenyewe. Lakini tofauti ni kubwa, nasi hatutaki kuifunika kwa sababu tu kipindi kinatupendeza. Wale wazee waliondoka kwa kuchomwa dhamiri, kuanzia aliye mkubwa. Frank hachomwi na chochote, anaogopa. Kesho akipata nafasi ataandika tena juu ya mwingine. Na yule mwanamke alibaki amesimama peke yake na Yesu, akaulizwa, akajibu, akaambiwa neno lake. George haulizwi. Mambo yake yanamalizwa chumba kingine na wakubwa wawili wenye nia njema na hila nzuri. Siri ya Frank imetumika kulinda siri ya George, na mwisho wa kipindi kambi ina siri mbili badala ya moja.

Tunalisema hili kwa sababu ndivyo sheria ya Marekani ilivyokuja kuwa, miaka ishirini baadaye. Mwaka 1993 ilipitishwa sera ambayo kiini chake ni kwamba askari asiulizwe na yeye asiseme. Akikaa kimya atumikie, akisema, atoke. Mpaka ilipoondolewa Septemba 2011, zaidi ya askari 13,000 walikuwa wamefukuzwa chini yake. Katika miaka hiyo mahali pamoja kambini palibaki pa kusemea bila neno kutoka nje, nako ni kwa mchungaji wa jeshi, maana siri ya ungamo inalindwa hata na sheria za kijeshi. Tunawafikiria wachungaji hao, wa makanisa yenye misimamo tofauti sana, wakifunga mlango wa ofisi.

Kwa aliyetaka kusema wazi njia ilikuwa nyembamba. Leonard Matlovich, sajenti wa Jeshi la Anga, alikwenda Vietnam mara tatu na akarudi na nishani. Mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya kipindi cha George, aliwaambia wakubwa wake kwamba yeye anavutiwa na wanaume. Wakamfukuza. Alikufa mwaka 1988, na kwenye kaburi lake huko Washington kuna maneno aliyoyachagua: kwamba alipewa nishani kwa kuua wanaume wawili na akafukuzwa kwa kumpenda mmoja. Mkristo anaweza kutokubaliana na Matlovich juu ya namna ya kupenda na bado akakosa raha mbele ya jiwe lile, kwa sababu ya nusu yake ya kwanza. Mwaka 1526 Luther aliandika kijitabu kizima kumjibu Assa von Kram, askari aliyesumbuliwa na dhamiri juu ya kazi ya upanga. Aliona swali la kuua lina uzito wa kutosha kuandikiwa kijitabu. Sisi tumelipokea jibu lake na kulala usingizi, kisha usingizi unatupotea kwa jambo lile jingine tu.

Na tumtaje Jim Nabors. Kuanzia 1964 hadi 1969 aliigiza Gomer Pyle, kuruta mwema kupita kiasi wa kikosi cha Marines, anayemtoa jasho Sajenti Carter kwa uaminifu wake. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiwaka na tamthilia ile ilipita kando yake kana kwamba Marines wana kazi ya kufagia uwanja tu. Nabors alikuwa na sauti kubwa ya kuimba na alirekodi nyimbo nyingi za kiroho, ambazo wazee wa makanisa ya Marekani walizipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulienea uvumi kwamba amefunga ndoa na mwigizaji Rock Hudson. Haikuwa kweli. Ilianza kama utani wa mwaliko wa sherehe ya watu wengine kabisa, ukatoka huko ukaingia magazetini na redioni, na tangu hapo marafiki hao wawili hawakuthubutu kuonekana pamoja. Urafiki ukafa. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 82, Nabors alifunga ndoa ya kiserikali na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake kwa miaka 38. Mwaka huohuo Marines walimpandisha Gomer Pyle cheo cha heshima kuwa sajenti.

Msimamo wa kanisa letu juu ya ndoa unajulikana. Walutheri wa Marekani walipofanya uamuzi wao mwaka 2009 wa kuwakubali wachungaji walio katika mahusiano ya jinsia moja, maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma mwaka uliofuata, na ndoa ya jinsia moja ikakataliwa. Insha hii haikuja kulichimba tamko hilo. Tunachosema ni kwamba halikufuta amri ya nane. Kila mtoto wa Kipaimara anaikariri, na anapoulizwa maana yake ni nini anajibu bila kusita: tusimsengenye jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Luther hakuandika pembeni orodha ya majirani wasiohusika. Uvumi juu ya Nabors ulikuwa uongo hata kama alikuwa ni mtu anayewapenda wanaume. Hayo ni mambo mawili, na amri ya nane inakaa katikati yake.

Hata neno lenyewe limeumia. Kwa mwanamke wa pwani, shoga ni rafiki yake wa kike, anayemwita kutoka uani wakate mchicha pamoja. Leo likitamkwa mbele ya kundi la wanaume, kila mmoja hutazama pembeni kuona limemwangukia nani. Maneno mengine ya barabarani hatutayaandika katika kitabu cha kanisa, ingawa tumeyasikia yakitamkwa umbali wa hatua chache kutoka mlango wa kanisa, juu ya kijana wa kwaya mwenye sauti nyembamba ambaye kosa lake pekee ni kuimba tena vizuri.

Tunarudi kwenye M*A*S*H kwa lalamiko moja la mwisho, nalo ndilo kubwa. Kipindi kile kinatupa Frank Burns ili tumchukie, na ni rahisi kumchukia Frank: mwoga, mzinzi, mdanganyifu wa mitihani. Tunazima televisheni tukiwa upande wa Hawkeye, tumeridhika. Lakini Frank hakumgusa George hata kwa kidole. Waliompiga ni wenzake wa kikosini, waliochimba naye handaki, waliogawana naye kopo la nyama, ambao huenda baadhi yao walimbeba alipojeruhiwa. Hao hatuwaoni. Hawana majina wala sura. Tungependa kumwona angalau mmoja wao, akiandikia barua nyumbani kwa mama yake, akisali kabla ya kulala. Na George ameomba kurudi kwao. Hakuomba kikosi kingine.

Mtunzi alijua kwamba wakionekana, kicheko kitakatika, maana mtazamaji angeona sura anazozijua. Basi George anapona, anapewa ruhusa, na kamera inabaki hospitalini.